Wakala wa bima mpakani: Kazi inayopimwa siku ya ajali

Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, watu huamka mapema pamoja na hatari zao. Motari anawasha pikipiki aliyoinunua kwa mkopo. Mama muuza samaki anavuka mto Rusizi kwenda Bukavu, mtaji wake wote ukiwa ndani ya ndoo moja. Lori la saruji kutoka Bugarama linapanda milima kuelekea Kigali, na mbele yake kuna kona za msitu wa Nyungwe. Mwenye duka anafungua mlango akitumaini kwamba nyaya za umeme zimelala salama kama alivyoziacha jana.

Katikati yao hupita mtu mwenye mkoba wa karatasi na simu isiyonyamaza. Huyo ni wakala wa bima. Wengi humkwepa. Humwona kama mchuuzi wa ahadi, anayechukua fedha leo kwa jambo ambalo huenda lisitokee kamwe. Lakini familia iliyopata msiba ikalipwa fidia bila kuzungushwa humtaja mtu huyo huyo kwa shukrani miaka mingi baadaye.

Wakala anayekwepwa na wakala anayeshukuriwa wanaweza kuwa wa kampuni moja, wanauza mkataba mmoja kwa bei moja. Kinachowatofautisha ni mambo mawili: alichomwambia mteja kabla ya kupokea fedha, na mahali alipokuwa siku ya ajali.

Jambo la zamani, jina jipya

Kwa Kinyarwanda bima huitwa ubwishingizi, neno lenye maana ya kumdhamini mtu, kusimama upande wake anapolemewa. Fikra hiyo haikuletwa na kampuni. Kabla ya magari ya wagonjwa kufika vilimani, jirani aliyezidiwa alibebwa kwenye ingobyi, machela ya kusuka, na wanaume wa kilima walipokezana mabega hadi kituo cha afya. Leo nawe, kesho mimi. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vinavyoitwa ibimina vimejengwa juu ya msingi huo huo.

Mituweli, bima ya afya ya jamii, ilipata mizizi yake hapo. Majaribio yake yalianza mwaka 1999 katika maeneo matatu ya Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha mpango ukaenea nchi nzima katika muongo uliofuata. Tangu Julai 2015 unasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Kwa miaka mingi wanachama wengi wamechangia faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Mgonjwa akifika kituo cha afya hulipa faranga 200, na akipelekwa hospitali hulipa asilimia 10 ya gharama.

Fedha hizo si ndogo kwa kaya ya watu saba inayoishi kwa kibarua, kwa kuwa wote saba ni lazima walipiwe. Kilichosaidia wengi kuzipata ni watu wa karibu nao: kiongozi wa kijiji, mhudumu wa afya, mweka hazina wa kikundi aliyekubali kupokea faranga 200 wiki hii na 300 wiki ijayo hadi mchango ukatimia. Hao hawakuwa na cheo cha wakala, lakini kazi waliyoifanya ndiyo kiini cha taaluma hii. Walimfanya mtu mwenye kipato kidogo aamini kwamba akitoa fedha yake akiwa mzima, ataikuta akiwa mgonjwa.

“Nina bima” maana yake nini?

Kosa linaloumiza watu wengi barabarani huanzia kwenye maneno mawili: “Nina bima.” Sheria ya Rwanda inataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kulinda watu wengine watakaoumizwa au kuharibiwa mali na chombo hicho. Motari anayelipa bima hiyo amemlinda mtembea kwa miguu atakayegongwa. Pikipiki yake mwenyewe, ikiibwa au ikivunjika, haimo.

Wakala mwenye haraka huacha jambo hilo lijielezee lenyewe. Anakata cheti, anapokea kamisheni, anaondoka. Miezi minne baadaye pikipiki inateleza kwenye utelezi wa mvua na uma wa mbele unakatika. Motari anakwenda ofisini na cheti mkononi, anaambiwa hana haki ya kulipwa. Mkopo wa benki unaendelea kudai kila mwezi. Kuanzia siku hiyo anaapa mbele ya wenzake kijiweni kwamba bima ni wizi, na wenzake wanamwamini kwa sababu wameona kwa macho yao.

Wakala mwema hutumia dakika kumi zaidi. Huchora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja anaandika yanayolipwa, upande wa pili yasiyolipwa, na kumwacha mteja aondoke na karatasi hiyo. Humwambia pia masharti yanayoweza kumponza: leseni iliyokwisha muda, pombe, abiria wawili badala ya mmoja. Mazungumzo hayo huokoa zaidi ya fedha. Motari anayejua kwamba mkataba wake unategemea leseni hai na mwendo wa halali ana sababu nyingine ya kupunguza kasi, na abiria aliye nyuma yake, ambaye hajui lolote kuhusu bima, anafika nyumbani salama.

Ukweli una upande wa pili pia. Kuna wateja wanaotaka gari la abiria liandikwe kuwa la matumizi binafsi ili ada ipungue, na kuna mawakala wanaokubali ili wasimpoteze mteja. Hapo wakala anadhani amemsaidia mtu. Ajali ikitokea na abiria wakiwa ndani, kampuni ina sababu ya kukataa kulitengeneza gari, na inaweza kumdai mwenyewe fedha ilizowalipa majeruhi. Mficha uchi hazai, na katika bima mteja akificha ukweli fomu ya mwanzo humuumbua mwishoni.

Kadi ya njano mpakani

Kamembe ina vivuko viwili vya kwenda Kongo, Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili. Kusini, kupitia Bugarama, kuna njia ya kwenda Burundi. Kwa mji kama huu, wakala asiyejua mambo ya mipaka anajua nusu ya kazi yake.

Bima ya ndani huishia mpakani. Anayevuka na gari anahitaji kadi ya njano ya COMESA, mpango ulioanzishwa katika miaka ya 1980 ili dereva asilazimike kununua bima mpya katika kila nchi anayoingia. Kadi hununuliwa kwa kampuni ya bima ya nyumbani. Ikitokea ajali ugenini, ofisi ya kadi ya njano ya nchi hiyo hushughulikia madai ya walioumizwa kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya huko, kisha hurudishiwa fedha na upande ulikotoka gari. Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda na Kenya zimo. Tanzania pia imo, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Huo ni utangamano wa kikanda unaoshikika mkononi. Viongozi huweka saini mikataba. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo ikafuata mwaka 2022. Lakini dereva aliyegonga mtu katika mji wa nchi nyingine, umati umemzunguka na lugha inampiga chenga, hukumbuka jambo moja tu: je, kuna mtu aliyemwambia apige simu wapi? Wakala aliyemwandikia nyuma ya kadi hatua za kufuata, yaani kuripoti polisi, kutokukubali malipo ya kimyakimya barabarani, kuwasiliana na ofisi ya kadi ya nchi hiyo, amemfikishia utangamano huo mahali ambapo hotuba hazifiki.

Kiswahili kina nafasi yake hapa. Kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Kamembe na Bukavu zilikuwa zikifanya biashara kwa lugha hiyo zamani. Mikataba mingi ya bima huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza cha wanasheria. Wakala anayeweza kukaa kwenye benchi la duka na kukieleza kifungu kigumu kwa Kiswahili chepesi au Kinyarwanda anampa mteja kitu kisichoandikwa kwenye cheti.

Tetemeko, moto na hesabu ya nusu

Wakazi wa Rusizi na Nyamasheke hawajasahau Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa pande zote mbili za Ziwa Kivu, likaangusha nyumba na makanisa, na kuua watu zaidi ya 30 upande wa Rwanda pekee. Kusini mwa ziwa hilo ardhi hupumua, na kila mwenye nyumba anajua hivyo.

Asichokijua kila mmoja ni kwamba bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi tetemeko mpaka kifungu hicho kiongezwe na kulipiwa. Vivyo hivyo kwa vita na ghasia. Mikataba mingi ya kawaida huondoa hasara za vita, na mfanyabiashara mwenye bidhaa ng’ambo ya mto anastahili kuambiwa hilo wakati bado ana nafasi ya kuamua mzigo wake aulaze wapi. Wakala anayeogopa kwamba akisema atakosa mauzo amemwacha mwenzake alale usingizi wa uongo.

Kuna na hesabu ambayo wenye maduka huiona kama hila. Chukua duka lenye bidhaa za faranga milioni 10. Mwenyewe, ili alipe ada ndogo, anasema zina thamani ya milioni 5. Moto unateketeza bidhaa za milioni 2. Yeye anatarajia milioni 2, kwa kuwa ziko chini ya milioni 5. Lakini kwa kuwa alikata bima ya nusu ya mali yake, mikataba mingi humlipa nusu ya hasara, yaani milioni 1. Hesabu hiyo ikielezwa kabla ya moto ni somo. Ikielezwa baada ya moto ni ugomvi.

Mpunga wa Bugarama

Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea kusini hewa hubadilika. Bonde la Bugarama ni joto na tambarare, nchi ya mpunga, na wakulima wake wamejipanga katika vyama vya ushirika. Maji yanayowalisha ndiyo yanayoweza kuwafilisi yakifurika.

Mwaka 2019 serikali ilizindua mpango wa bima ya kilimo na mifugo uitwao Tekana Urishingiwe Muhinzi Mworozi, jina linalomwambia mkulima na mfugaji atulie kwa kuwa ana wa kumdhamini. Serikali hubeba asilimia 40 ya ada. Ada ikiwa faranga 10,000, mkulima hutoa 6,000. Mpunga, mahindi na ng’ombe wa maziwa vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuingizwa. Ng’ombe aliyekatiwa bima huvishwa hereni sikioni ili asichanganywe na mwingine.

Katika bima ya mazao wakala hukutana na mtihani mgumu zaidi wa ukweli. Aina nyingi za bima hii haziangalii shamba la mtu mmoja. Hupima wastani wa mavuno ya eneo, au mvua, na wote wa eneo hilo hulipwa au hukosa pamoja. Mkulima ambaye shamba lake peke yake limeliwa na wadudu, huku majirani wakivuna, anaweza kukosa fidia hata kama hana hata gunia moja. Asipoambiwa hayo kabla ya msimu, atasema amedhulumiwa, na ushirika mzima utamfuata mlangoni.

Afrika Mashariki ina mfano wa mtu aliyeuchukulia mtihani huo kwa uzito. Mchumi Mkenya Andrew Mude, akiwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi, aliongoza kazi ya kubuni bima ya mifugo kwa wafugaji wa kuhamahama. Ilianza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, Januari 2010. Hakuna wakala anayeweza kuhesabu mizoga katika nchi kavu na pana kiasi hicho, kwa hiyo picha za setilaiti zilitumika kupima ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango fulani, aliyekata bima hulipwa. Ukame mkali wa 2011 ulipokuja, malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba mwaka huo. Mwaka 2016 Mude alipewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani.

Setilaiti ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumweleza mfugaji asiyejua kusoma kwamba jicho la angani linatazama nyasi na halioni ng’ombe wake. Kwa hiyo watu wa vijijini walifundishwa, nao wakawafundisha wenzao. Wakala wa Bugarama anayekaa na ushirika wa mpunga kabla ya kupanda anafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Ushauri usio na kamisheni

Kipimo kizuri cha tabia ya wakala ni kile anachokisema pale asipopata chochote. Rwanda ina Mfuko Maalumu wa Dhamana, uliowekwa na sheria ya mwaka 2011. Mfuko huo hufidia watu walioumizwa na gari lililokimbia lisijulikane, au gari lisilo na bima. Hufidia pia madhara yanayofanywa na wanyama wanaotoka katika hifadhi za taifa. Kwa Rusizi, wilaya inayopakana na Nyungwe, jambo hilo linawahusu wakulima walio kando ya msitu ambao nyani huwavunia mahindi kabla yao.

Mjane ambaye mumewe aligongwa usiku na gari lisilojulikana anaweza kukaa nyumbani akidhani mlango umefungwa. Mkulima anaweza kuhesabu mahindi yaliyoliwa kama bahati mbaya. Wote wawili wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba madai yana muda wake, kwamba taarifa ya polisi au ya uongozi wa mtaa ichukuliwe mapema, na kwamba karatasi za hospitali zisitupwe. Wakala wa bima anayajua hayo kwa sababu ndiyo lugha yake ya kila siku. Akimwambia jirani, hapati kamisheni. Lakini watoto wa mjane huyo wanaweza kubaki shuleni.

Mtego wa malipo

Haitakuwa haki kuwasifu mawakala bila kutaja kinachowapotosha. Wengi wao hulipwa kamisheni, na kamisheni huja siku mkataba unapouzwa. Siku ya kufuatilia madai, ya kwenda polisi kuchukua taarifa, ya kusubiri mkaguzi wa gari, haina malipo yake. Mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa atavutwa kwenda kuuza cheti kingine kuliko kukaa na aliyevunjika mguu. Kampuni zinazotaka sifa njema mipakani zinaweza kuanza hapo: kumtambua wakala kwa wateja waliolipwa fidia zao kwa wakati na wanaorudi kukata bima mwaka unaofuata, pamoja na idadi ya vyeti alivyouza.

Sheria nayo ina mkono wake. Benki Kuu ya Rwanda, BNR, husimamia kampuni za bima pamoja na mawakala na madalali wake, ambao wanatakiwa kuwa na kibali. Mteja ana haki ya kuomba kukiona. Ana haki pia ya kudai stakabadhi ya kampuni, kwa sababu fedha iliyopokelewa bila karatasi haimdhamini mtu. Na bima haikatwi baada ya ajali. Cha kuvunda hakina ubani. Anayeahidi kurudisha tarehe nyuma anamwingiza mteja wake katika udanganyifu.

Kwa kijana wa Kamembe anayetafuta kazi, taaluma hii haihitaji mtaji mkubwa wa fedha. Inahitaji miguu, subira, hesabu safi na ulimi usioahidi kisichopo. Faida yake kwa jamii haionekani haraka kama ya daktari au mwalimu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mabaya yasiyotokea: duka lisilofungwa baada ya moto, shamba lisilouzwa kulipia hospitali, dereva asiyelala mahabusu ugenini kwa kukosa karatasi moja.

Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakala ana bahati ya kuwa na kazi inayompa nafasi hiyo mara nyingi kwa mwaka, kwa watu wengi, na kwa mshahara. Simu italia usiku, mvua ikinyesha, na upande wa pili mtu atakuwa analia kando ya barabara. Kuipokea ni sehemu ya alichokiuza.